Fundi Anajibu: Kompyuta Ndogo Katika Joto la Kaskazi

Kaskazi ikishavuma, barua za joto hunijia nyingi kuliko za virusi na skrini zilizopasuka. Ya kwanza hapa nimeijibu kwa urefu, kwa sababu karibu kila mwenye kasha dogo hapa Mombasa analia kilio hicho hicho, na ushauri mwingi anaopewa umetoka kwa watu wanaoishi penye baridi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Kibokoni, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Nilijiundia kompyuta ndogo: kasha la lita 11, bodi kuu ya Mini-ITX (ile ndogo ya makasha madogo), prosesa ya Intel Core i5-12400 na kile kipoza kilichokuja nayo kwenye boksi, pamoja na kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super. Chumba changu ni kidogo, kwa hivyo nimeiweka ndani ya kabati la meza. Usiku huwa afadhali. Mchana nikianza kurenda (kuitoa video iliyokamilika baada ya kuhariri) video ya saa mbili, prosesa hupanda mpaka nyuzi 100 na kazi inaanza kujikokota. Nimeongeza feni mbili, moja chini na moja nyuma, zote zinaingiza hewa, lakini sioni tofauti. Rafiki yangu anasema niuvue ubavu wa kasha niipige na feni ya kusimama. Mwingine anasema ninunue kipoza cha maji. Nimsikilize nani? – *Mpiga video, Kibokoni*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Kabla hujatoa hata shilingi moja, itoe hiyo kompyuta kabatini. Vyumba vya Kibokoni navifahamu na najua nafasi ni ya kugombania, lakini humo kabatini kompyuta yako inavuta tena joto ililolitoa muda mfupi uliopita. Ukiirudisha mle, yote nitakayokueleza hayatakufaa kitu.

Sasa nikwambie jambo ambalo wauzaji wa feni hawalitaji. Feni haipozi hewa, inahamisha joto tu. Hakuna feni wala kipoza cha maji kitakachoifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba chako. Hewa ya chumba ndiyo sakafu. Joto la prosesa linajengwa juu yake. Wale wanaopima makasha na kutuonyesha matokeo mazuri, mara nyingi wanapimia kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Hapa kwetu, kati ya Januari na Machi, mchana huwa nyuzi 32 au 33 nje, na chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuzidi hapo. Chumba kikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 12, prosesa nayo huzidi takriban kwa nyuzi hizo hizo 12. Kasha lililompa mtu wa huko nyuzi 75 litakupa wewe 87 bila kuharibika chochote. Kwa hivyo sisi hatuna ile nafasi ya kufanya makosa ambayo wenzetu wanayo, na kila nyuzi tunayoweza kuirudisha ni yetu.

Tuhesabu kidogo. Prosesa yako ikikazana inaruhusiwa kula hadi wati 117. Kadi yako ni wati 125. Ongeza bodi kuu, diski na umeme unaopotelea kwenye pawasaplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), tuseme jumla ni wati 250. Zote hizo, bila kubaki hata moja, zinageuka joto ndani ya kijisanduku cha lita 11. Hewa ya mita za ujazo 50 ikipita humo kwa saa, inatoka imepanda nyuzi 15 au 16 kuliko ilivyoingia. Ikipita mita za ujazo 100, inapanda nyuzi 8 tu. Ikibanwa ikawa 25, inapanda nyuzi 31. Na kama chumba kilikuwa na 32, hewa inayotoka ina nyuzi 63. Feni moja nzuri ya milimita 120, ikiwa haijazuiwa na chochote, inaweza kusukuma mita za ujazo 80 au zaidi kwa saa. Maana yake hukosi feni. Unazo mbili tayari, ila hewa haina njia.

Umezielekeza zote mbili ndani. Wapo wanaoshauri hivyo, wakisema kasha likijaa hewa vumbi halipenyi kwenye nyufa. Kwenye kasha kubwa lenye matundu mapana juu na wavu wa vumbi mbele, sibishani nao. Kwenye lako, feni ya nyuma inavuta hewa mahali pale pale pawasaplai na kadi zinapotolea joto lao, tena ikiwa imesukumwa ukutani mwa kabati. Ni kama chumba chenye dirisha moja: hata uwashe feni ya dari mpaka ilie, joto linazunguka humo humo. Fungua mlango wa upande wa pili na upepo unapita. Igeuze feni ya nyuma itoe nje. Ya chini iache iingize.

Kujua feni inaelekea wapi ni rahisi: upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota katikati, ambako mara nyingi kuna karatasi ya kampuni, ndiko hewa inakotokea. Feni nyingine zina mishale miwili midogo iliyochorwa ubavuni, mmoja wa mzunguko na mmoja wa hewa. Lakini usiishie kwenye mishale. Washa kijiti cha udi.

Hili la udi nalisema kwa dhati, kwa sababu halina gharama na linaonyesha kila kitu. Funga madirisha, zima feni ya dari, ipe kompyuta kazi nzito mpaka feni zishike kasi. Shika kijiti umbali wa vidole viwili kutoka kwenye matundu, na mkono wa pili ushike kisahani cha kudakia majivu. Usikiingize ndani hata kidogo. Sasa tazama moshi. Juzi nilikuwa na kasha la aina yako mezani, feni zimewekwa kama ulivyoziweka. Niliposhika udi chini, moshi ulinyooka kama uzi ukaingia. Nikausogeza juu, karibu na matundu ya nyuma: ulisukumwa ukapanda upana wa kiganja, ukapinda, ukateremka na ukuta wa nyuma, halafu ukavutwa ndani na feni ya nyuma. Mwenye kompyuta alikuwa amesimama karibu yangu, akaona kwa macho yake joto likitoka na kurudi. Sikuhitaji kumweleza zaidi. Tulifungua skrubu nne, tukaigeuza feni, tukarudia udi. Safari hii moshi wa nyuma uliondoka moja kwa moja mpaka ukapotelea katikati ya chumba.

Udi utakuonyesha pia mianya. Kati ya feni ya chini na bati la kasha huwa kuna nafasi, hasa kwa feni nyembamba za milimita 15. Kupitia nafasi hiyo feni huanza kuzungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje. Kata sponji nyembamba, ile ya kuzibia milango, uizungushe kwenye fremu ya feni mpaka iguse bati. Watu wanaidharau hatua hii kwa sababu haionekani ukishafunga kasha, lakini mimi naiweka mbele ya kununua feni mpya.

Halafu miguu. Feni yako ya chini inavuta kutoka chini, na makasha mengi madogo huja na vijiguu vya mpira vya sentimita moja. Hewa inapenya kwenye ufa mwembamba kama huo ikiwa imekabwa koo. Liinue kasha kwa vipande vinne vya mbao vifike sentimita tatu hivi, na uache shubiri moja kati ya mgongo wa kasha na ukuta. Usiliweke juu ya zulia wala kitambaa cha meza kinachoning'inia.

Nyaya nazo zikusanye, uzifunge kwa vifungo vya plastiki, uzibane upande ambao hewa haipiti. Pawasaplai isiyochomoka nyaya ndani ya kasha la lita 11 ni mateso, lakini angalau uhakikishe hakuna waya uliolala juu ya kipoza cha prosesa.

Ukishamaliza hayo, pima. Programu ya HWiNFO ni ya bure na inatosha. Chukua video moja, ile ile, uirende nusu saa, uandike nyuzi za prosesa na nyuzi za chumba. Nasisitiza nyuzi za chumba. Ukipima leo saa nane mchana na kesho saa tatu usiku utajidanganya. Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Tofauti inayobaki ndiyo inayokwambia kama kazi yako imefaa. Prosesa yenye nyuzi 85 katika chumba cha 33 iko vizuri kuliko yenye 82 katika chumba cha 25.

Kisha fanya jaribio la mwisho: uvue ubavu wa kasha, urudie video ile ile. Ikiwa tofauti inashuka kwa nyuzi kumi au zaidi, kasha bado linabana hewa, rudi kwenye udi. Ikiwa inashuka nyuzi mbili tatu tu, kasha limefanya kazi yake na sasa lawama ni ya kipoza au pesti, ule ute wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipoza.

Hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapofaa, kwa jaribio la nusu saa. Usiufanye kuwa maisha. Kasha lililo wazi hapa kwetu hukaribisha vumbi, hewa ya chumvi, sisimizi na mijusi kafiri. Mijusi hupenda ujoto wa bodi kuu na hupita juu ya pini zenye umeme. Nimewatoa wakiwa wamekauka, na bodi nayo imekufa pamoja nao. Tena ukivua ubavu, hewa ya feni ya chini hutawanyika kando badala ya kupita kwenye kadi.

Kipoza cha maji nacho kinachukua joto la prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalitoa kwenye hewa ile ile ya chumba. Katika kasha la ukubwa wa lako mara nyingi itaingia rejeta ya feni moja tu ya milimita 120, na kwa prosesa ya wati zako haitakushinda kipoza kizuri cha hewa kwa tofauti ya kukufanya utoe pesa hizo. Tena kina pampu, ambayo siku ikifa hutaiona ikifa. Mimi katika joto letu, na katika kasha la namna hii, napendelea chuma na feni. Kipoza chako cha boksi ni kifupi na mapezi yake ni machache. Pima kwa rula kutoka juu ya prosesa mpaka ndani ya ubavu wa kasha, utafute kipoza kirefu kadiri ya nafasi hiyo. Ikiwa ubavu ni kioo, acha sentimita moja na nusu juu ya feni ili ipate pumzi. Ikiwa ubavu una matundu, feni ikae karibu nayo ili ivute hewa ya nje moja kwa moja.

Na kuna jambo la bure kabisa ambalo vijana hawapendi kulisikia. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka), na kama bodi yako inaruhusu, punguza wati za prosesa kutoka 117 hadi 80 au hata 65. Wati za mwisho ndizo zinazoleta joto jingi huku zikiongeza kasi kidogo tu. Sasa hivi prosesa ikigonga nyuzi 100 inajipunguza yenyewe kwa kushtukashtuka. Afadhali uipunguze wewe kwa utulivu. Video ya harusi itachukua dakika chache zaidi na itamalizika.

SWALI: Fundi, nimefungua kompyuta yangu kuisafisha, pesti ya prosesa imekauka kama udongo. Jirani anasema nipake dawa ya meno, eti kazi ni moja. Ni kweli? – *Mwanafunzi, Kongowea*

JIBU: Usithubutu. Dawa ya meno ina maji. Siku ya kwanza itaonekana inafanya kazi, kwa sababu inaziba mianya kati ya prosesa na kipoza. Kisha joto linayakausha maji yake, inapasuka, na mianya inarudi ikiwa imejaa unga. Nunua pesti ya kweli, tyubu ndogo kabisa inatosha mara kadhaa. Futa ile ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya aisopropili, weka tone la ukubwa wa kunde katikati, kandamiza kipoza sawasawa, ukaze skrubu kwa kupishana pembe. Usiipake nene kama siagi. Chuma na chuma vinatakiwa vikaribiane. Pesti ni ya kujaza mikwaruzo tu.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Nina saiba Changamwe, kompyuta kumi, zote Dell OptiPlex za kulala zilizotumika Uingereza. Tangu Januari zinavuma kama mashine ya kusaga na mbili zinajizima alasiri. Nimezipulizia vumbi lote. Zimepangwa safu mbili, moja nyuma ya nyingine, wateja wote wanaangalia upande mmoja. – *Mwenye saiba, Changamwe*

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Kwanza fungua hizo mbili zinazojizima na uzilinganishe na nyingine. Ndani ya kompyuta za ofisi za aina hiyo kuna kofia ya plastiki nyeusi inayofunika kipoza cha prosesa. Haina waya wala taa, na kwa jicho la mtu mwenye haraka inaonekana kama pambo. Kumbe ndiyo njia ya hewa yenyewe: inaichukua hewa ya feni na kuilazimisha ipite katikati ya mapezi ya chuma. Mafundi wengi huivua wakiongeza RAM, wakaisahau juu ya meza. Feni inabaki ikizunguka kwa nguvu zake zote, hewa inapita juu na kando ya chuma, joto halipungui, na kompyuta inaiongezea feni kasi. Ndiyo kelele unayoisikia. Inaniuma kila nikiona mzigo wa kompyuta za mitumba umevuliwa kofia zote, kwa maana wahandisi walizipima kwa makini, nasi tunazitupa. Kama haipo, tafuta kompyuta iliyokufa ya modeli ile ile uichukue yake. Ukikosa, kata kadibodi ngumu kwa umbo hilo huku ukitafuta ya asili, na hakikisha haigusi feni.

La pili ni mpangilio. Kompyuta hizo huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Ulivyozipanga, safu ya mbele inatoa joto lake usoni mwa safu ya nyuma, na hiyo ya nyuma inaishi kwenye hewa iliyokwisha kutumika. Naamini hizo mbili zinazojizima ziko safu ya nyuma. Zipange migongo iangaliane, ukiacha ujia wa futi mbili katikati. Kwenye vituo vikubwa vya data wanafanya hivyo hivyo: joto lote linakusanywa kwenye ujia mmoja na baridi inabaki upande wa pili. Kisha kwenye ukuta mwishoni mwa ujia huo weka feni ya kutoa hewa nje, ile ya jikoni inatosha. Feni ya dari peke yake itazichanganya tu hewa mbili ulizotaka kuzitenganisha.

Na kama kompyuta zinawekwa chini ya meza zenye bati la mbele lililozibwa mpaka sakafuni, litoboe au uling'oe.

SWALI: Fundi, salamu. Mwanangu wa miaka kumi na saba ana kompyuta ndogo ya michezo chumbani, na anataka AC iwe nyuzi 18 siku nzima ili isipate joto. Bili ya stima inanitisha. Pia dada yangu ananiambia baridi ya AC huingiza maji kwenye kompyuta. Lipi la kweli? – *Mama, Nyali*

JIBU: Salamu mamangu. Nyuzi 18 hazihitajiki. Kama kasha lina njia nzuri ya hewa, nyuzi 25 au 26 zinatosha kabisa, na hapo tayari ameipunguzia kompyuta nyuzi saba ukilinganisha na mchana wa nje. Mwambie pia afungie idadi ya picha kwa sekunde kwenye michezo yake, iwe sawa na uwezo wa skrini. Kadi ya grafiki ikiachwa huru hutengeneza picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha, na kila picha hiyo ni stima na joto. Huo ni mpangilio mmoja kwenye programu ya kadi.

Dada yako amegusa jambo la kweli, ila si kwa namna anayodhani. Hewa ikigusa kitu kilicho baridi kuliko kiwango fulani huacha maji juu yake, kama unavyoona nje ya gilasi ya maji ya barafu. Kwa hewa ya Mombasa msimu wa joto, kiwango hicho kiko karibu na nyuzi 24. Kompyuta inayofanya kazi huwa na joto kuliko chumba, kwa hivyo maji hayawezi kushika ndani yake. Tena AC yenyewe huondoa unyevu. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje yametoka kwenye hewa ya chumba. Hatari iko baadaye. Kijana anazima kompyuta, chumba kimekuwa nyuzi 18 usiku kucha, chuma chote cha ndani kimepoa. Asubuhi unafungua madirisha, hewa ya nje yenye unyevu inaingia na kukuta chuma baridi. Hapo maji yanashika, na yanashika ndani ya kasha ambako huyaoni. Akiwasha wakati huo, anaweza kuiunguza. Kwa hivyo mkiwa mmefungua madirisha baada ya baridi kali, aisubiri saa moja kabla ya kuwasha. Ukiacha AC kwenye 25, tatizo hilo linaondoka pamoja na nusu ya hofu yako ya bili.

Kasha lisikae chini ya AC moja kwa moja. Bomba la ndani likiziba, maji hudondoka, na yatadondokea pale pale.

SWALI: Fundi, nina duka la M-Pesa na kuchapisha karatasi Likoni, si mbali na bahari. Natumia kompyuta ile ndogo ya ukubwa wa kiganja. Hii ni ya pili; ya kwanza skrubu zililiwa na kutu na feni ikakwama. Nikaamua kuizungushia kitambaa cha chandarua hii mpya, lakini sasa inapata joto sana. Nifanyeje? – *Muuza duka, Likoni*

JIBU: Ndugu yangu, adui yako ni chumvi, na vumbi ni mshirika wake. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zisizoonekana. Chumvi ikikaa kavu juu ya bodi haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi hunyonya maji na kuyeyuka, ikawa utando wa maji ya chumvi juu ya pini, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Usiku wa Mombasa hupita kiwango hicho mara nyingi. Vumbi lililojazana huushikilia ule unyevu usikauke.

Ona basi jambo ambalo wengi hawalitegemei: kompyuta yako iko salama zaidi ikiwa imewashwa, kwa kuwa ujoto wake unakausha hewa inayoizunguka. Inaliwa usiku ikiwa imezimwa na imepoa. Wewe una bahati kuwa ni ndogo. Jioni ukishazima, iache ipoe nusu saa, ichomoe, uitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti kadhaa za silika. Zibadilishe mara kwa mara; zikishiba maji huwa hazina kazi.

Chandarua kiondoe. Feni za kompyuta hizo ni ndogo, za kama zile za laptopu, na hazina nguvu ya kuvuta hewa kupita kitambaa, sembuse kitambaa kilichoshika vumbi. Kama unataka kichujio, tumia wavu wa nailoni wenye matundu unayoweza kuyaona ukiwa umenyoosha mkono, uukaze upande hewa inapoingia tu, na uoshe kwa maji ya bomba kila Ijumaa ukifunga duka. Upande wa kutolea usiufunike kamwe. Igeuze kompyuta ili upande wa kuvuta uangalie ndani ya duka, si mlangoni kwenye upepo wa bahari. Kama kiungo chake kinaruhusu, ifunge kwa skrubu nyuma ya skrini ikiwa imesimama wima. Itapata hewa pande zote na karatasi hazitarundikwa juu yake.

Kila baada ya miezi mitatu ifungue. Shika feni kwa kijiti isizunguke unapopuliza, kwa maana ukiizungusha kwa nguvu ya blowa unaharibu beringi zake. Usiipeleke kwenye kompresa ya gereji. Hewa yake hutoka na maji na mafuta. Palipo na ukoga mweupe au wa kijani, chomoa umeme na betri ndogo ya bodi, piga mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu, uiache ikauke kabisa. Spiriti zenye rangi au mafuta huacha utando. Na zile skrubu zilizoanza kutu zibadilishe sasa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, kabla vichwa vyake havijalika ukashindwa kuifungua.